Kisu cha Chokaa

Visu vitano vya mti vilikuwa vimelala juu ya benchi la useremala, na Borafya hakukipenda hata kimoja.

Alikiokota cha kwanza, akajigusisha ncha yake shingoni, akakirudisha. Cha pili hakukigusa kabisa. Akachungulia nje, ambako mtaa wa Mlandege ulikuwa ukipiga kelele zake za asubuhi, kisha akamgeukia Pandu.

"Fundi, umechonga visu au miko?"

"Visu, ami."

"Miko hii. Kampe mkeo asongee ugali."

Pandu alicheka kwa adabu, lakini moyo ulimwanguka. Siku tatu alikuwa amezimalizia mbao zake nzuri za mfenesi kwenye visu vile, kila kimoja urefu wa shibiri, kila ncha akaipiga msasa mpaka ikawa mviringo kama kidole. Alidhani amefanya kazi ya kusifiwa.

"Vina ubaya gani?"

"Havina ubaya wowote. Ndio ubaya wake. Huyo mdogo wako akikiona hiki hatashituka. Na asiposhituka hapa, atashitukia kule, na kule kushituka ni mara moja tu."

Borafya alikuwa askari wa vita vya Burma. Alikwenda na goti zima akarudi na nishani, na sasa alilinda ghala la watu pwani kila usiku akiwa amekalia kasha. Mchana alikuwa huru, na mchana huo alikubali kuutoa kwa ajili ya Makungu, mdogo wake Pandu, bila ya kuomba chochote. Alisema tu kwamba amechoka kuona vijana wa watu wanazikwa.

Maana jambo lenyewe lilikuwa hili. Tangu uchaguzi wa mwaka uliopita, wenye mashamba walikuwa wakipita kwa wakaazi wao na swali moja: ulimpa nani kura? Aliyejibu visivyo aliambiwa aondoe nyumba yake. Aliyenyamaza aliambiwa hivyo hivyo. Bi Mwanamwema, mama yao Pandu na Makungu, hakumpa mtu kura, kwani wanawake hawakuwa na kura. Alifukuzwa kwa kura ya mwanawe. Miaka thelathini alikuwa amelima muhogo chini ya minazi ya watu, nyuma ya Kiembe Samaki. Akapewa siku thelathini aondoke, siku moja kwa kila mwaka. Hesabu nzuri. Waliofanya hesabu ile walikula vizuri siku hiyo wakalala.

Na aliyekuwa akiwatoa watu majumbani ni msimamizi wa shamba, Abrahman, mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa nusu. Mlango ulimbana akiwa mtoto. Kabla ya nyumba ya Bi Mwanamwema alikuwa ameshatoa mbili. Kwenye ile ya pili palikuwa na kijana aliyesimama mlangoni akasema hatoki, na Abrahman akachomoa kisu. Kijana yule leo anakula kwa mkono wa kushoto.

Makungu alikuwa na miaka kumi na tisa, hamali wa bandarini, mabega kama mlango wa msikiti na kichwa kigumu kuliko mabega. Aliapa mbele ya mama yake kwamba siku ikifika atasimama mlangoni. Pandu alimsihi, akamtukana, akamnyima salamu wiki nzima. Haikufaa. Basi kama hazuiliki, alisema Pandu, na afundishwe asife.

"Nimpe na yeye kisu chake?" aliuliza.

"Akishika kisu, akiua ananyongwa, asipoua anafungwa," Borafya alisema. "Macho ya sheria yako upande mmoja tu wa uso, hujui? Mikono mitupu. Ajue kukikwepa na kukamata mkono. Mimi nipe kitu cha kufundishia tu, nna siku ishirini na mbili. Si mwiko."

Pandu akaona haya kidogo, na haya zikamfanya aseme jambo la kipumbavu.

"Kwetu Makunduchi sisi tunafundishwa kwa mabua ya mgomba."

"Lete," Borafya alisema. "Tuone."

Walikutana kwenye tanuu la zamani la chokaa, nje ya njia ya Kiembe Samaki. Mwenyewe alikuwa ameshakufa. Lilibaki shimo pana, jeupe, lenye majivu na mawe yaliyoiva nusu. Saa sita za mchana hapiti mtu pale. Ni saa ambayo jua limesimama utosini, na kina mama huwaita watoto ndani wala hawasemi kwa nini. Mle shimoni kivuli cha mtu kilikuwa hakionekani, kimejificha chini ya nyayo zake. Sauti nayo haikwenda mbali. Ukisema neno lilianguka pale pale miguuni kwako.

Borafya alilishika bua la mgomba kama kisu, akamjia Makungu. Makungu akacheka. Akatoa mkono wake wa kushoto mbele, akapokea, bua likamchapa, akacheka zaidi.

"Tena," alisema Borafya.

Akapokea tena. Na tena. Mara ya nne Borafya alilitupa bua chini.

"Mbona wanitolea mkono kama unapewa sadaka?"

Makungu hakujua amefanya nini. Pandu alijua, na ilimjia kama maji baridi mgongoni. Kwao, siku ya Mwaka, sikukuu ya mwaka mpya wa kienyeji, wanaume wa pande mbili hukutana uwanjani na mabua ya migomba wakapigana mpaka mabua yakawa nyuzi. Mwenye kinyongo na mwenziwe hukitoa pale. Na adabu yake ni moja: bua halikimbiwi. Unatoa mkono wa kushoto, unapokea, unarudisha, mkimaliza mmemaliza, mnakwenda kula pamoja. Mtoto wa Makunduchi anajua kupokea kabla hajajua kuvaa suruali. Yeye Pandu mwenyewe, pale aliposimama, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshainuka nusu.

"Hatutumii mabua tena," alisema.

Siku iliyofuata walijaribu vile vya mfenesi. Makungu aliacha kucheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye mti, si kwenye bega la Borafya, na mkono wa kushoto ulikuwa bado unatoka. Borafya alimgonga ubavuni mara kumi na moja.

"Umekufa," alimwambia kila mara. "Umekufa. Umekufa tena, pole."

"Ah, ami, mti tu huo!"

"Unasikia, fundi? Mti tu huo." Borafya alikaa juu ya jiwe, akakunja goti lake bovu. "Nataka chuma. Uzito ule ule, ubaridi ule ule, hata harufu. Kiueni makali, kitoeni ncha, lakini kiwe ni kisu kweli. Kiwe kishawahi kuwa kisu."

Pandu alijua kilipo kisu cha namna hiyo. Alijua kwa miaka kumi na tisa.

Bi Mwanamwema alikuwa akimenya muhogo mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa kudai?"

Alimwambia. Mama hakuacha kumenya. Kisu alichokuwa nacho mkononi kilikuwa chembamba, kimeliwa na tupa mpaka kikawa kama jani la mpunga; kilikuwa cha marehemu mumewe, na siku aliyokufa mumewe kilikuwa kimetundikwa msumarini pale pale mlangoni. Pandu alikuwa na miaka tisa. Alikiona kwa macho yake.

Lakini wakaandika. Mwaka wa thelathini na tisa, baba yao alikutwa chini ya minazi na kisu ubavuni, baada ya kubishana juu ya ujira wa waangushaji nazi. Na kituo kimoja cha polisi cha huko shamba, ambacho leo hakipo hata ukuta wake, kikaandika kwamba marehemu alikuwa amelewa, akaangukia kisu chake mwenyewe. Mtu ambaye hakuijua tembo ina ladha gani! Kisha, kwa kuwa ni chake, wakamrudishia mjane. Wakakifunga kitambaa, wakatia na kipande cha karatasi kwa uzi. Bi Mwanamwema alisoma Kurani. Herufi zile hakuzijua. Miaka kumi alidhani ni maneno ya rambirambi, mpaka Pandu alipojifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia misumari, akaja akamsomea: Kisu kimoja. Mali ya marehemu.

Hakukitupa. Angekitupa angekuwa ametupa ushahidi. Hakukitumia. Angekitumia angekuwa amekubali. Kilikaa chini kabisa ya sanduku, chini ya sanda yake mwenyewe.

"Kichukue," alisema mwisho. "Lakini kwa sharti. Asikiite mtu cha baba yenu."

"Sikiiti."

"Na Makungu asijue ni kipi."

Pandu alikiweka kisu kwenye jiliwa ya benchi lake akakipiga tupa. Kilikuwa kizito kuliko umbo lake. Aliyaondoa makali yote, akaizungusha ncha, akapitisha kidole gumba mara tatu: butu kama ukingo wa sahani. Akafunga duka akaenda kulala.

Asubuhi alikishika akajikata.

Aliitazama damu kidoleni kwa muda. Akajiambia kuwa jana palikuwa na kiza, kazi haikuisha. Akakipiga tupa tena, sasa kwenye mwanga wa mlango, mpaka vumbi la chuma likamjaa kwenye vinyweleo vya mkono. Akakijaribu kwenye karatasi, akakijaribu kwenye nyanya: haikuchanika. Siku ya tatu kilikaa butu. Alimshukuru Mungu wala hakumwambia mtu.

Pale tanuuni Borafya alikipokea, akakipima mkononi, na uso wake ukabadilika.

"Hiki umekipata wapi?"

"Chuma cha zamani tu."

Borafya hakuuliza tena. Aliwahi kushika visu vingi vya watu waliokufa. Alichukua chokaa sakafuni, akailowesha kwa maji ya kibuyu, akaupaka ubapa na ncha. "Kikikugusa kitakuandika," alimwambia Makungu. "Hatutabishana nani kafa."

Makungu alikuwa amevaa fulana ya buluu. Alipokiona kisu kinamjia hakucheka. Kitu fulani kiliupita uso wake, kama mtu aliyesikia anaitwa jina na mtu asiyemuona, na mkono wa kushoto ukabaki chini. Aliruka pembeni. Borafya akaguna kwa furaha. "Sasa! Sasa ndiyo umeanza. Bega! Tazama bega langu, usikitazame chenyewe."

Walikwenda mara saba, na mara ya saba Makungu alikamata kifundo cha mkono wa Borafya, akakizungusha, kisu kikaanguka mchangani. Pandu akapiga kofi moja. Halafu akaona.

Chini ya ubavu wa kushoto wa fulana palikuwa na alama nyeupe. Ndogo, nyembamba, imesimama wima, kama jicho la paka.

"Nimekugusa?" aliuliza Borafya.

"Hujanigusa."

"Wallahi sijamgusa," Borafya alimwambia Pandu. "Mara zote nimesimama shibiri moja kabla. Mimi si mtoto."

Pandu aliifua fulana ile mwenyewe. Alama ilitoka. Kesho yake, baada ya mazoezi, ilikuwepo pale pale. Keshokutwa Borafya hakupaka chokaa kabisa, alikifuta kisu kwa kanga ya mkewe mpaka kikang'aa. Na Makungu alipogeuka kunywa maji, alama ilikuwa ubavuni kwake, mbichi, inachuruzika.

Mwanga ule mweupe uliwazunguka pande zote, na hapakuwa na kivuli cha mtu hata mmoja, lakini Pandu aliona wazi kwamba mchangani palikuwa na nyayo za watu wanne.

"Tuache," alisema Pandu. "Hiki kinamwandikia kifo."

"Tuache tumpe nini? Mwiko?" Borafya alikuwa akitweta. "Zimebaki siku sita. Mimi naogopa kama wewe, bwana. Lakini huyu sasa anakwepa. Hebu mtazame."

Pandu aliichukua fulana, mbichi vile vile, akaenda nayo kwa mama yake. Aliikunjua juu ya mkeka bila ya kusema. Alitaka mama aseme, amkataze Makungu kwa kauli ya mzazi, mambo yaishe, nyumba iende zake.

Bi Mwanamwema aliiwekea kidole ile alama.

"Hapo hapo," alisema. "Nilimwosha mimi, usidhani nimesahau. Palikuwa hapo, na paliingia kwa chini kwenda juu. Mtu anaangukaje kwa chini kwenda juu, Pandu?"

"Mama, mimi nauliza Makungu atakufa?"

"Sikiliza basi nikwambie, kwa sababu sijapata kumwambia mtu. Nilikuwa mbali, nimebeba kuni, lakini niliona mkono wa baba yenu. Wa kushoto. Aliutoa hivi." Akaunyoosha wake, mwembamba, umekunjamana, na Pandu akaona adabu yote ya uwanja wa Mwaka imo ndani yake. "Alidhani ni maneno tu. Alidhani yule mtu anatoa kinyongo chake, atamaliza, watakwenda kula. Alipokea. Akaacha ubavu wazi."

"Yule mtu nani?"

"Kijana mrefu wa kusimamia nazi. Mgongo wake nimeuona, uso sijauona. Na usiniulize jina, maana mgongo haushitakiwi." Aliikunja fulana. "Kisu hakimwandikii mdogo wako. Kinasema kilipoingia. Miaka yote hii nimekifunga mdomo chini ya sanda, kimepata mahali pa kusema. Mwambie Borafya aendelee."

Wakaendelea. Siku zote sita alama ilitokea pale pale, na siku zote sita mkono wa kushoto wa Makungu haukutoka.

Siku ya siku ilikuwa Jumatatu. Abrahman alikuja asubuhi kweupe na watu wanne, nyundo na kamba. Majirani walikuwa wamesimama kwenye vijishamba vyao vya muhogo, kila mmoja akijua zamu yake iko karibu. Borafya aliegemea mnazi. Pandu alisimama kando ya nyumba na mfuko wake wa vyombo begani, na ndani ya mfuko, chini ya randa, kisu kile kimefungwa kitambaa chake cha zamani. Hakujua kwa nini amekibeba. Asubuhi alikuwa ameshatoka nje bila yake, akarudi kukichukua.

"Assalaam alaykum, Bi Mwanamwema," alisema Abrahman kwa ile sauti yake laini. "Siku zimekwisha."

"Waalaykum salaam. Ndani nimekaa, nakusikia."

"Mtoe kijana mlangoni."

"Ana miguu yake."

Mmoja wa wale wanne akacheka. Makungu alisimama mlangoni na mikono mitupu, miguu kama alivyofundishwa, macho kwenye bega la Abrahman. "Nenda kamwambie bwana wako muhogo haujaiva," alisema. "Aje baada ya masika."

Abrahman aliwatazama majirani, akaona wanasubiri, akajua kwamba akiondoka leo hatorudi tena kwa nyumba yoyote. Akakitoa kisu chake kiunoni, polepole, kama mtu anayetoa kitambaa cha jasho. Akasogea. Mkono ulitoka kwa chini kwenda juu.

Pandu alisikia, ndani ya mfuko wake, kitu kinagonga randa.

Makungu hakupokea. Bega lilipojongea yeye alikuwa ameshaondoka pembeni, kisu kikapita kwenye hewa ambayo ubavu wake ulikuwamo, na mikono yake miwili ikafunga kwenye kifundo cha Abrahman na kukizungusha, kama pale tanuuni, mara moja tu. Kisu kikaanguka. Kiganja cha Abrahman kikafunguka mbele ya watu wote.

Kilikuwa cheupe. Kimejaa chokaa mbichi, inachuruzika kwenye mikunjo, na hapakuwa na chokaa pale. Nyumba ile ilikuwa ya udongo, na hakuna aliyemgusa mtu yule ila Makungu, ambaye mikono yake ilikuwa mikavu. Abrahman akakitazama kiganja chake. Akakifuta kwenye kanzu. Akakitazama tena. Hakupiga kelele, alifanya kitu kibaya zaidi, aligeuka akawapa mgongo, akatazama nyuma, upande wa minazi, mahali pale hasa alipokutwa baba yao, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amemwonesha.

Bi Mwanamwema alikuwa ametoka mlangoni. Aliuona mgongo wake.

"Ndiye," alisema. Hakusema kwa nguvu. Majirani wote walisikia.

Wale wanne waliondoka kwanza, wakaacha kamba. Abrahman aliwafuata akiwa ameushika mkono wake mbali na mwili, kama wa mtu mwingine. Nyumba ilisimama mpaka masika yaliyofuata. Ikaja kuvunjwa kwa karatasi ya mahakama, na karatasi haina kifundo cha kukamata. Lakini Makungu alizibeba mbao zake mwenyewe, mzima, mikono yote miwili.

Siku ile ile ya Jumatatu, adhuhuri, Pandu aliingia kwenye kituo cha polisi akakiweka kitambaa mezani. Askari wa zamu alikifungua.

"Nini hiki?"

"Kisu. Mlimpa mama yangu mwaka wa thelathini na tisa mkasema ni mali ya baba. Si yake. Cha baba kiko nyumbani kinamenya muhogo."

"Thelathini na tisa!" Askari alicheka. "Miaka yote hiyo, leo ndiyo umeona ukirudishe?"

"Tulikuwa tukijifunzia."

"Haya, si cha baba yako. Cha nani?"

Pandu alikisukuma kisu kwake. Askari akakigeuza, na kicheko kikamkauka. Kwenye mpini, juu ya mti mweusi, palikuwa na alama nyeupe za mkono ulioushika barabara: kidole gumba, vidole vitatu vizima, na cha mwisho nusu. Askari akamtazama Pandu mikono. Ilikuwa misafi, ina vidole vyote. Akaufuta mpini kwa kitambaa, akatema mate, akafuta tena kwa nguvu. Alama hazikutoka.

Pandu aliusogeza wino karibu na mkono wa askari.

"Andika," alisema. "Na safari hii uandike vizuri, mimi nnajua kusoma."